Mchezaji Bora wa Mwaka wa Afrika

Mchezaji Bora wa Mwaka wa Afrika ni tuzo inayotolewa kila mwaka kwa mwanasoka wa Kiafrika anayehesabiwa kuwa amefanya vizuri kuliko wenzake wote. Tangu mwaka 1992 tuzo hii hutolewa na Shirikisho la Soka la Afrika (CAF). Kabla ya hapo, kuanzia mwaka 1970, tuzo ya namna hii ilitolewa na jarida la michezo la France Football la Ufaransa. Mshindi wa kwanza alikuwa Salif Keita wa Mali. Mshindi wa mwaka 2025 ni Achraf Hakimi wa Moroko.

Maneno "wa Afrika" katika jina la tuzo hayamaanishi mchezaji anayecheza soka barani Afrika. Yanamaanisha mchezaji anayeichezea timu ya taifa ya nchi ya Kiafrika, hata kama klabu yake iko katika bara jingine. Zamani tofauti hiyo haikuonekana sana, kwa sababu washindi wengi walicheza katika klabu za nyumbani. Tangu mwaka 1987 karibu washindi wote wamekuwa wachezaji wa klabu za Ulaya. Kwa sababu hiyo, orodha ya washindi inaonyesha pia jinsi wanasoka bora wa Afrika walivyohama kutoka viwanja vya bara lao kwenda viwanja vya ng'ambo.

Chimbuko la tuzo

Jarida la France Football lilianzisha tuzo ya Ballon d'Or, yaani Mpira wa Dhahabu, mwaka 1956. Kwa miaka mingi tuzo hiyo ilikuwa ya wachezaji wa Ulaya peke yao. Eusébio, aliyezaliwa Lourenço Marques (leo Maputo) nchini Msumbiji, aliipata mwaka 1965, lakini aliipata kama mchezaji wa Ureno, kwa kuwa Msumbiji ilikuwa bado koloni la nchi hiyo. Mchezaji wa nchi huru ya Kiafrika hakuweza kufikiriwa hata kama alicheza Ulaya.

Salif Keita alikuwa katika hali hiyo. Alitoka Mali kwenda klabu ya Saint-Étienne nchini Ufaransa mwaka 1967 na akawa mmoja wa wafungaji wakubwa wa ligi ya nchi hiyo. Mwaka 1970 France Football lilianzisha tuzo ya pekee kwa ajili ya wachezaji wa Afrika, na Keita akawa wa kwanza kuipokea. Washindi walipatikana kwa kura za waandishi wa habari za michezo.

Washindi waliocheza nyumbani

Baada ya Keita ulifuata muda mrefu ambapo washindi wengi walikuwa wachezaji wa klabu za Afrika. Mara nyingi ushindi wao ulitokana na mafanikio ya klabu hizo katika mashindano ya bara. Ibrahim Sunday wa Ghana, mshindi wa mwaka 1971, alikuwa wa Asante Kotoko ya Kumasi. Chérif Souleymane wa Guinea alishinda mwaka 1972, mwaka ambao klabu yake ya Hafia ya Conakry ilitwaa ubingwa wa klabu za Afrika. Paul Moukila wa Kongo-Brazzaville alishinda mwaka 1974 baada ya kuiongoza CARA Brazzaville kutwaa ubingwa huohuo.

Mshindi wa mwaka 1973 alikuwa Tshimen Bwanga wa Zaire (leo Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo), beki wa TP Mazembe ya Lubumbashi. Mwaka uliofuata alikuwamo katika kikosi cha Zaire kilichokwenda Kombe la Dunia nchini Ujerumani Magharibi, timu ya kwanza kutoka kusini mwa Sahara kufika huko.

Ahmed Faras wa Moroko, mshindi wa mwaka 1975, alikaa na klabu moja tu, ya Mohammédia, na mwaka 1976 alikuwa nahodha wa Moroko ilipotwaa Kombe la Mataifa ya Afrika. Roger Milla alipata tuzo yake ya kwanza mwaka 1976 akiwa Tonnerre ya Yaoundé. Tarak Dhiab wa Tunisia (1977) alikuwa wa Espérance ya Tunis, na Karim Abdul Razak wa Ghana (1978) alikuwa wa Asante Kotoko. Jean Manga Onguéné wa Kamerun (1980) alikuwa wa Canon ya Yaoundé, na Mahmoud El Khatib wa Misri (1983) wa Al Ahly ya Cairo.

Wachezaji hao hawakubaki nyumbani kwa kupenda tu. Baadhi ya serikali ziliwazuia wachezaji wao wasiondoke. Nchini Algeria, kwa mfano, mchezaji hakuruhusiwa kwenda kucheza nje kabla ya kutimiza umri wa miaka 28. Lakhdar Belloumi, mshindi wa mwaka 1981, alikuwa bado mchezaji wa ligi ya nyumbani alipofunga bao la ushindi Algeria ilipoifunga Ujerumani Magharibi 2–1 katika Kombe la Dunia la 1982 nchini Hispania.

Mabadiliko ya miaka ya 1980

Kombe hilo la Dunia la 1982 lilikuwa la kwanza ambalo Afrika ilipewa nafasi mbili, za Algeria na Kamerun. Kamerun ilitoka sare mechi zake zote tatu na kufungwa bao moja tu. Kipa wake, Thomas Nkono, ambaye alikuwa ameshinda tuzo mwaka 1979, aliipata tena mwaka 1982 na akahamia Espanyol ya Barcelona. Badou Zaki wa Moroko, kipa mwingine, alishinda mwaka 1986, mwaka ambao Moroko ilikuwa timu ya kwanza ya Afrika kuvuka hatua ya makundi ya Kombe la Dunia. Naye alihama kutoka Wydad ya Casablanca kwenda Mallorca nchini Hispania. Nkono na Zaki ndio makipa pekee waliowahi kupata tuzo hii.

Mwaka 1987 tuzo ilikwenda kwa Rabah Madjer wa Algeria, aliyeifungia FC Porto ya Ureno bao la kisigino katika fainali ya Kombe la Klabu Bingwa Ulaya dhidi ya Bayern Munich. Kabla ya hapo mchezaji aliitwa Ulaya baada ya kung'ara Afrika. Sasa Afrika ilianza kumtukuza mchezaji kwa sababu ya kung'ara Ulaya.

Kalusha Bwalya wa Zambia, mshindi wa mwaka 1988, alikuwa akicheza Ubelgiji, ingawa sifa yake kubwa mwaka huo ilitokana na timu ya taifa. Katika Michezo ya Olimpiki ya Seoul alifunga mabao matatu Zambia ilipoishinda Italia 4–0. Tarehe 27 Aprili 1993 ndege iliyobeba timu ya taifa ya Zambia ilianguka baharini karibu na Libreville, Gabon, na watu wote 30 waliokuwamo walifariki. Bwalya hakuwamo kwa kuwa alikuwa akichezea PSV ya Uholanzi na alipaswa kusafiri peke yake kutoka Ulaya. Ndiye aliyekuwa nahodha wa timu mpya ya Zambia iliyofika fainali ya Kombe la Mataifa ya Afrika mwaka 1994.

Mwaka 1990 Roger Milla alishinda tena, miaka 14 baada ya tuzo yake ya kwanza. Alikuwa na umri wa miaka 38 alipofunga mabao manne katika Kombe la Dunia nchini Italia na kuisaidia Kamerun kuwa timu ya kwanza ya Afrika kufika robo fainali.

Tuzo mbili kwa wakati mmoja

Mwaka 1992 CAF ilianzisha tuzo yake yenyewe, na kwa miaka mitatu zikawapo tuzo mbili. Mwaka wa kwanza zote mbili zilimwangukia Abedi Pele wa Ghana, mchezaji wa Marseille. Miaka miwili iliyofuata zilitofautiana. Mwaka 1993 France Football lilimchagua tena Abedi Pele, aliyetwaa Ligi ya Mabingwa Ulaya na Marseille, wakati CAF ilimchagua Rashidi Yekini wa Nigeria. Mwaka 1994 jarida lilimchagua George Weah wa Liberia, nayo CAF ikamchagua Emmanuel Amunike wa Nigeria, aliyefunga mabao yote mawili Nigeria ilipoifunga Zambia 2–1 katika fainali ya Kombe la Mataifa ya Afrika. Amunike alikuja baadaye kuwa kocha wa Tanzania, na Taifa Stars ilifuzu chini yake kucheza Kombe la Mataifa ya Afrika la 2019 kwa mara ya kwanza tangu 1980.

Tofauti hizo zinaonyesha swali ambalo tuzo imeendelea kubeba: je, kipimo kiwe mafanikio ya mchezaji na klabu yake ya Ulaya, au mchango wake katika soka ya Afrika yenyewe?

Mwaka 1995 France Football lilibadili kanuni za Ballon d'Or ili mchezaji wa taifa lolote anayecheza klabu ya Ulaya aweze kuchaguliwa. Aliyeshinda mwaka huohuo ni George Weah, aliyekuwa amehama kutoka Paris Saint-Germain kwenda AC Milan. Alipata pia tuzo ya FIFA ya mchezaji bora wa dunia na tuzo ya CAF. Tuzo ya Kiafrika ya France Football ilikomea 1994, na ile ya CAF ikabaki peke yake. Weah bado ndiye Mwafrika pekee aliyewahi kushinda Ballon d'Or ya wanaume akiwa mchezaji wa timu ya taifa ya Afrika. Alikuwa Rais wa Liberia kuanzia Januari 2018 hadi Januari 2024.

Jinsi mshindi anavyopatikana

CAF hutangaza kwanza orodha ndefu ya wateule. Orodha hiyo hupunguzwa hadi wabaki watatu, na mshindi hutajwa katika sherehe inayofanyika kila mara katika mji uliochaguliwa. Kwa miaka mingi wapigakura walikuwa makocha wa timu za taifa za nchi wanachama. Siku hizi kura zimepanuliwa: hupigwa pia na manahodha, wachezaji wa zamani wenye sifa, waandishi wa habari na wataalamu wa ufundi wa CAF.

Kipindi kinachoangaliwa hakilingani kila mara na mwaka wa kalenda. Sherehe ya tuzo za 2022, kwa mfano, ilifanyika mjini Rabat mwezi Julai mwaka huohuo. Tuzo haikutolewa mwaka 2020 wala 2021 kwa sababu ya janga la UVIKO-19.

Washindi wa tuzo ya CAF

- 1992: Abedi Pele (Ghana)
- 1993: Rashidi Yekini (Nigeria)
- 1994: Emmanuel Amunike (Nigeria)
- 1995: George Weah (Liberia)
- 1996: Nwankwo Kanu (Nigeria)
- 1997: Victor Ikpeba (Nigeria)
- 1998: Mustapha Hadji (Moroko)
- 1999: Nwankwo Kanu (Nigeria)
- 2000: Patrick Mboma (Kamerun)
- 2001 na 2002: El Hadji Diouf (Senegal)
- 2003, 2004 na 2005: Samuel Eto'o (Kamerun)
- 2006: Didier Drogba (Cote d'Ivoire)
- 2007: Frédéric Kanouté (Mali)
- 2008: Emmanuel Adebayor (Togo)
- 2009: Didier Drogba (Cote d'Ivoire)
- 2010: Samuel Eto'o (Kamerun)
- 2011, 2012, 2013 na 2014: Yaya Touré (Cote d'Ivoire)
- 2015: Pierre-Emerick Aubameyang (Gabon)
- 2016: Riyad Mahrez (Algeria)
- 2017 na 2018: Mohamed Salah (Misri)
- 2019 na 2022: Sadio Mané (Senegal)
- 2023: Victor Osimhen (Nigeria)
- 2024: Ademola Lookman (Nigeria)
- 2025: Achraf Hakimi (Moroko)

Rekodi

Samuel Eto'o na Yaya Touré ndio walioshinda tuzo ya CAF mara nyingi zaidi, kila mmoja mara nne. Touré ni wa pekee kwa kushinda mara nne mfululizo. Zikijumlishwa tuzo za France Football na za CAF, Kamerun inaongoza kwa ushindi mara 11. Nigeria haikuwahi kupata tuzo ya France Football, lakini inaongoza katika tuzo ya CAF kwa ushindi mara saba wa wachezaji sita.

Tuzo imewaelekea zaidi washambuliaji na viungo. Tangu CAF ilipoanza kuitoa hakuna kipa aliyeshinda. Beki wa kwanza kuipata tangu Tshimen Bwanga mwaka 1973 ni Achraf Hakimi, miaka 52 baadaye. Hakimi alishinda baada ya kutwaa Ligi ya Mabingwa Ulaya ya 2025 na Paris Saint-Germain, akifunga bao la kwanza katika fainali ambayo Inter Milan ilifungwa 5–0.

Washindi waliozaliwa nje ya Afrika

Frédéric Kanouté, mshindi wa mwaka 2007, alikuwa wa kwanza kuipata tuzo hii akiwa amezaliwa nje ya Afrika. Alizaliwa na kukulia Ufaransa na aliichezea timu ya vijana ya nchi hiyo, kisha akachagua Mali, nchi ya baba yake. Aliweza kufanya hivyo mwaka 2004, baada ya FIFA kulegeza kanuni iliyomfunga mchezaji kwa nchi aliyoichezea katika timu za vijana.

Waliomfuata ni wengi. Aubameyang na Mahrez walizaliwa Ufaransa, Lookman London na Hakimi Madrid. Lookman alikuwamo hata katika kikosi cha Uingereza kilichotwaa Kombe la Dunia la vijana wa chini ya miaka 20 mwaka 2017. Hivyo katika miaka ya mwanzo Afrika iliwalea wachezaji waliokuja kuchukuliwa na Ulaya. Leo baadhi ya wanaovaa jezi za Afrika wamelelewa na kufundishwa soka Ulaya.

Tuzo ya wanawake

Tuzo ya mwanasoka bora wa kike wa Afrika ilianza kutolewa mwaka 2001, na Mercy Akide wa Nigeria akawa wa kwanza. Mnigeria mwenzake Perpetua Nkwocha aliipata mara nne (2004, 2005, 2010 na 2011). Rekodi inashikiliwa na Asisat Oshoala, pia wa Nigeria, mwenye tuzo sita: 2014, 2016, 2017, 2019, 2022 na 2023. Barbra Banda wa Zambia alishinda mwaka 2024 na Ghizlane Chebbak wa Moroko mwaka 2025.

Wachezaji wa klabu za Afrika

Kadiri tuzo kuu ilivyozidi kwenda kwa wachezaji wa Ulaya, wale waliobaki katika ligi za Afrika walikosa nafasi ya kutambuliwa. CAF ilitenga kwa ajili yao tuzo ya mchezaji bora anayecheza barani Afrika. Mohamed Aboutrika wa Al Ahly ya Misri, aliyeipata zaidi ya mara moja, ni miongoni mwa washindi wake wanaokumbukwa sana. Trésor Mputu wa TP Mazembe aliipata mwaka 2009.

Tuzo hii ndiyo iliyofungua mlango kwa Afrika Mashariki. Hakuna mchezaji wa Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda wala Burundi aliyewahi kushinda tuzo kuu. Lakini katika sherehe iliyofanyika Abuja tarehe 7 Januari 2016, Mbwana Samatta wa Tanzania alitajwa kuwa mchezaji bora wa mwaka 2015 miongoni mwa wanaocheza Afrika, akimshinda mwenzake wa TP Mazembe, kipa Robert Kidiaba. Samatta alikuwa ameondoka Simba ya Dar es Salaam mwaka 2011 kwenda Lubumbashi. Mwaka 2015 Mazembe ilitwaa Ligi ya Mabingwa Afrika, naye akafunga bao katika kila mechi kati ya mbili za fainali dhidi ya USM Alger. Mwezi huohuo wa tuzo alihamia Genk ya Ubelgiji, na Januari 2020 akajiunga na Aston Villa, akawa Mtanzania wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya Uingereza.

Mwaka 2016 tuzo hiyo ilikwenda kwa Denis Onyango wa Uganda, kipa wa Mamelodi Sundowns ya Afrika Kusini iliyokuwa bingwa wa Afrika mwaka huo. Uganda nayo ilikuwa imefuzu kucheza Kombe la Mataifa ya Afrika kwa mara ya kwanza tangu 1978. Hivyo kwa miaka miwili mfululizo tuzo ilikuja Afrika Mashariki. Kwa Samatta na Onyango, njia haikuwa kutoka nyumbani moja kwa moja hadi Ulaya: wote wawili walipata sifa katika klabu kubwa za nchi nyingine za Afrika.

Mijadala

Matokeo ya tuzo hii huzua ubishi karibu kila mara. Mfano unaotajwa sana ni wa mwaka 2015. Yaya Touré alikuwa nahodha wa Cote d'Ivoire iliyotwaa Kombe la Mataifa ya Afrika mwaka huo, wakati Aubameyang alikuwa akifunga mabao mengi na Borussia Dortmund ya Ujerumani. Aubameyang alishinda kwa pointi 143 dhidi ya 136. Touré alilalamika hadharani kwamba Waafrika hawathamini mafanikio yanayopatikana barani mwao wenyewe.

Wanaotetea matokeo ya namna hiyo husema kwamba ligi za Ulaya zina ushindani mkali zaidi, hivyo anayeng'ara huko amepimwa kwa kipimo kigumu. Wanaopinga husema kwamba wapigakura humchagua wanayemwona. CAF ina nchi wanachama 54, na si rahisi kwa kocha wa Malawi kufuatilia ligi ya Tunisia kila wiki, au kwa nahodha wa Gambia kufuatilia ile ya Tanzania. Mechi za Ligi ya Mabingwa Ulaya, kinyume chake, huonekana katika runinga za nchi zote. Katika mashindano ya mataifa pia, mchezaji wa nchi isiyofuzu mara kwa mara hukosa jukwaa.

Hata hivyo, orodha yenyewe inaonyesha kuwa timu ya taifa haijapoteza uzito wake. Patrick Mboma alishinda mwaka ambao Kamerun ilitwaa Kombe la Mataifa ya Afrika na medali ya dhahabu ya Olimpiki. El Hadji Diouf alishinda mwaka 2002, Senegal ilipoifunga Ufaransa na kufika robo fainali ya Kombe la Dunia. Sadio Mané alishinda mwaka 2022 baada ya Senegal kutwaa Kombe la Mataifa ya Afrika kwa mara ya kwanza katika historia yake. Klabu ya Ulaya humfanya mchezaji ajulikane, lakini mara nyingi jezi ya taifa ndiyo iliyokamilisha ushindi.